Baridi ya Karisimbi: Soma Kabla Hujapanda

Kijitabu hiki kimetokana na malalamiko. Wapo wanaosema waongoza watalii wanawazuia bure kufika kileleni, na kwamba wanadaiwa makoti mazito kana kwamba wanakwenda Ulaya. Jibu letu ni fupi: ndiyo, utadaiwa koti. Jambo hili tumelieleza redioni, sokoni na hata makanisani, wala hatujachoka.

Gisenyi, ufukweni mwa Ziwa Kivu, iko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Mlima Karisimbi kiko mita 4,507. Kila unapopanda mita 1,000 joto hushuka takriban nyuzi 6. Piga hesabu mwenyewe. Aliyeondoka mjini na fulana anaweza kukutana huko na mvua ya mawe, pengine theluji.

Kima wa dhahabu wana akili: wanabaki chini kwenye mianzi. Ukiipita mianzi na msitu, unaingia kwenye lobelia na senesio kubwa zinazompita mtu kimo. Juu zaidi ni nyasi fupi, kuvumwani na mawe. Utadhani ni tundra, ila tundra ya Siberia ina miezi mizima ya baridi. Kwetu baridi huja kila usiku, na asubuhi jua linachoma. Itazame senesio: majani yake yaliyokufa hayadondoki, yanalivika shina kama blanketi. Ni marufuku kuyachuna ili kuwashia moto. Shina likibaki uchi, linaganda.

Mimea imejiandaa. Watu je? Februari 1908 mjiolojia Mjerumani Egon Kirschstein alikumbwa na dhoruba ya mvua ya mawe na theluji mlimani hapo, na wapagazi 20 wa msafara wake wakafa.

Tunarudia: nguo iliyoloa inaua. Fulana ya pamba na jinzi zikiloa huko juu hazikauki. Mwenzako akitetemeka, akajikwaa na kuanza kubabaika maneno, simameni. Akiacha kutetemeka na mwili bado ni wa baridi, msishangilie. Hapo ndipo hali imekuwa mbaya. Mvueni nguo zilizoloa, mvisheni kavu, mkumbatieni, mpeni chai ya moto yenye sukari kama anaweza kumeza, kisha mshusheni. Pombe hapana, hata ile ya "kupasha mwili": inatanua mishipa na kulitoa joto nje. Nguo iliyoloa inaua.

Habari za vibali na ada ziko kwa Bodi ya Maendeleo ya Rwanda (RDB), ulizeni mapema. Anayepita njia za panya, hakuna atakayejua pa kumtafuta.

Mwongozaji akisema mshuke, mnashuka, hata kilele kikiwa mbele ya macho. Malalamiko yataandikwa mkishafika chini.