Dereva na Simu

Njia itokayo Songea kwenda Mbinga yapita milimani, nayo ina kona nyingi na watu waendao kwa miguu. Basi tujifunze neno hili. Motokaa iendayo kilomita 50 kwa saa hupita mita 14 hivi kila sekunde. Dereva akitazama simu yake sekunde 3 tu, amekwenda mita 40 na zaidi kama kipofu. Hata kuzungumza pasipo kuishika simu mkononi huondoa fikira njiani. Kwa hiyo aizime kabla ya kuondoka. Abiria wasione haya kumwonya. Nasi tulio nyumbani, tukijua ya kuwa ndugu yetu yu njiani aendesha, tusimpigie. Tungoje afike salama.