Mgonjwa Anahitaji Pia Neno

Zamani mgonjwa wetu wa Busisi akipelekwa Bugando, tulisubiri kivuko. Tangu Juni 2025 tunapita juu ya Daraja la Magufuli, kilomita 3, dakika chache tu. Lakini maneno yetu bado yako ng'ambo!

Tazameni wodini. Mama amejifungua, damu imemtoka nyingi. Mumewe ameleta uji, na nauli amekopa. Anauliza, "Umekula?" Kisha kimya. Mwenzie anadhani amechukizwa na gharama.

Ndugu, kaa karibu. Mshike mkono. Sema, "Pole, mama watoto. Watoto wamekula, wanakuulizia. Nakupenda." Hata akifumba macho, sema, huenda anasikia. Deni la nauli usilitaje.

Damu nayo ni upendo. Mtu mzima mwenye afya, mwenye kilo 50 au zaidi, aweza kutoa chupa moja, chini kidogo ya nusu lita. Sisi wanaume tunaogopa sindano, tunajificha nyuma ya shemeji.

Na aliyebaki nyumbani na ng'ombe? Si tumejifunza kuandika, bwana? Aandike kikaratasi, mistari miwili tu, akitume. Mgonjwa atakisoma usiku, wageni wakishaondoka.