Neno Moja la Pingamizi: Kutoka Lami ya Serengeti hadi Mikoko ya Bofu

Makala hii inachunguza nafasi ya msamiati katika pingamizi za wananchi dhidi ya barabara zinazohofiwa kuharibu mazingira. Aghalabu kazi hiyo huachiwa mawakili na wanasayansi. Hata hivyo, kesi ya Serengeti inadhihirisha kwamba mtaalamu wa lugha naye ana la kufanya.

Mwaka 2010 serikali ya Tanzania ilipendekeza barabara kuu ya kukatiza kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, katika mapito ya nyumbu zaidi ya milioni moja waendao Maasai Mara na kurudi. Desemba mwaka huo, African Network for Animal Welfare, shirika la kutetea wanyama lenye makao Nairobi, lilifungua kesi katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha. Serikali nayo ilishikilia kwamba kipande cha hifadhini kingekuwa cha changarawe. Hukumu ya tarehe 20 Juni 2014 ilizuia barabara ya kiwango cha lami ndani ya hifadhi. Haikuzuia kila njia. Tofauti ya lami na changarawe, ambayo msafiri huihisi mgongoni tu, ndiyo iliyobeba uzito wa shauri. Anayepinga "barabara" pasi na kufafanua hajasema bado anachokipinga.

Suala hili linaihusu pia Bofu, wadi ya Likoni. Upande huo wa bara ndiko inakopita barabara ya Dongo Kundu, itokayo Miritini hadi Kibundani kwa madaraja ya Mwache na Mteza, juu ya hori zenye mikoko. Katika ripoti, "mikoko" ni jina la msitu mzima. Kwa mvuvi na fundi wa vyombo, mkoko ni mti mmoja. Kuna pia mchu, mkandaa, muia, mkomafi na mlilana. Mlilana humea ukingoni kabisa kwenye maji, ilhali mkandaa huelekea nchi kavu. Kwa hiyo mzee akisema mililana imekufa, amekwisha kutaja na mahali. Karani akiandika "mikoko imeharibika", hakudanganya, lakini nusu ya ushahidi imepotea.

Kanuni za Kenya za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2003, kanuni ya 17, ziliagiza mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu, tangazo la redio kwa lugha rasmi na za wenyeji, na mratibu wa kunakili maoni ya mdomo na ya maandishi pamoja na tafsiri zake. Tafsiri imetajwa kwa kupita tu, nayo ndiyo yenye kazi ngumu: mzee aweza kunena kwa Kidigo, ripoti ikaandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili kikiwa daraja baina yao. Faharasa ya majina ya miti, mikondo na mahali pa uvuvi, ikikusanywa na wanafunzi wa Kiswahili kabla ya mkutano wa kwanza, ingempa mratibu huyo cha kunakili.