Matunda ya Porini Kwetu

Mgeni akifika Kolwezi, watu humpa embe, ndizi na papai. Hula, hushukuru, lakini moyoni husema, “Haya hata kwetu yapo.” Ni kweli. Mwembe ulitoka Asia, mpapai ulitoka Amerika. Nayo ni migeni kama yeye. Lakini mgeni huyo akija baada ya mvua za kwanza, mwezi wa Novemba au Desemba, apelekwe sokoni, kwa akina mama walioketi chini na mabeseni yao. Hapo ataona matunda asiyopata kuyaona.

Tunda la kwanza ni masuku. Ni dogo, la mviringo, rangi yake ni ya kahawia yenye manjano. Mgeni atauliza, “Mama, hili huliwaje?” Mama atamjibu, “Papa, lipasue ganda kwa vidole, nyonya, kisha uteme mbegu.” Nyama yake ni laini na tamu sana, nayo hung'ang'ania mbegu, kwa hiyo haifai kula kwa haraka.

Mti wake huitwa musuku. Majani yake ni mapana na magumu, nao huota pamoja na miombo. Watoto wengine huutupia mawe ili matunda yaanguke. Hiyo si akili. Tunda lililoangushwa bichi ni kali mdomoni. Lililoanguka lenyewe ndilo lililoiva. Amka mapema, upite chini ya mti na kikapu chako kabla ya mbuzi na nyani.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hata watu wazima wengi hawalijui. Kuna musuku dume na musuku jike. Ule dume hutoa maua yenye chavua tu, hauzai tunda hata moja. Mchoma makala hupita, huutazama, na kusema, “Huu hauzai kitu, na ukatwe.” Akiisha kuikata midume yote, ile mijike itapata chavua wapi? Mwaka ufuatao kikapu kitarudi kitupu, na watu watasema mvua ndiyo mbaya.

Tena si rahisi kuupanda mwingine. Mbegu za masuku zikikauka hufa upesi. Mizizi yake huishi kwa kusaidiana na uyoga ulio ndani ya udongo. Mche ukihamishwa bila udongo wa mahali pake, mara nyingi hunyauka. Huko Malawi wataalamu wamejaribu kuibebesha miche, na ile iliyobebeshwa huzaa mapema kuliko iliyooteshwa kwa mbegu. Lakini mti uliosimama tayari haudai kazi yoyote ila kuachwa.

Tunda la pili ni la mupundu. Ganda lake ni la kijivu, lina vipele, kama lililonyunyiziwa mchanga. Harufu yake ni kali; mgeni ataligeuza geuza mkononi kabla ya kuonja. Huanguka kabla halijaiva vizuri, likamalizia kuiva pale chini. Ndani ya kokwa lake gumu mna kiini chenye mafuta, nacho huliwa. Mbao zake huharibu meno ya msumeno, na labda ndiyo sababu moja ya kuona mipundu imeachwa mashambani.

Mti huu umo hata katika historia. Mwaka 1873 msafiri David Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, ng'ambo ya mpaka wetu, katika Zambia ya leo. Watumishi wake Susi na Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mupundu, na Jacob Wainwright akachonga maandishi katika shina. Kisha wakauchukua mwili kwa miguu, miezi mingi, mpaka misioni ya Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mti ule ulikatwa baadaye, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London.

Matungulu ni ndugu wa tangawizi. Usiyatafute juu, inama. Hutokea chini kabisa, penye shina, mekundu kama pilipili. Ndani yake mna nyama nyeupe, chachu, yenye mbegu nyeusi. Baada ya mwendo mrefu juani hukata kiu vizuri.

Liko pia tunda lenye ganda gumu kama kibuyu, ambalo jirani zetu wa Tanzania huliita tonga. Hupasuliwa kwa jiwe. Nyama yake ni tamu, lakini usitafune mbegu! Mti huu ni ndugu wa ule wa Uhindi utoao sumu iliyotumiwa kuulia panya. Usile tunda la porini ambalo hukuonyeshwa na mtu mzima alijuaye.

Na sisi tukaao penye migodi tuna neno jingine la kuangalia. Mwaka 2018 wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walieleza kwamba watu wa mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi, hasa watoto, walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo na damu kuliko watu wa mtaa wa jirani usiochimbwa. Vumbi halionekani juu ya masuku, lakini lipo. Basi usiokote matunda kando ya mashimo wala kando ya barabara ya malori. Osha tunda na mikono yako kabla ya kulipasua, kwa maji safi, si ya mto utokao mgodini.

Matunda haya huja katika miezi ile ambayo unga umepungua nyumbani na mahindi mapya bado yako shambani. Kwa mgeni ni kitu cha kuonja. Kwa mtoto wa kijijini, siku nyingine, ndicho chakula cha mchana.

Maswali

1. Kwa nini si vema kuutupia musuku mawe?
2. Mchoma makala alikosea wapi?
3. Matungulu hutafutwa wapi?
4. Waulize wazee nyumbani: ni tunda gani la porini walilolila walipokuwa watoto, ambalo wewe hujalila? Mti wake ungaliko?