Duka Bura, Kodi ya Asilimia 3

Swali: Nina duka la mbegu na mbolea Bura, na wakati mwingine hufanyia mashirika ya Garsen utafiti kwa malipo. Kodi ya mauzo inanigusa vipi?

Jibu: Tangu Julai 2023, mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka hutozwa kodi ya asilimia 3, si 1 kama zamani. Inakatwa kwenye mauzo, wala si faida, na hapo ndipo inapouma. Ukiuza bidhaa za shilingi 150,000 kwa mwezi, unadaiwa 4,500 kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ikiwa faida ilikuwa 15,000, karibu thuluthi yake imekwenda. Mwenye faida ndogo hivyo anaweza kumwandikia Kamishna wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) kuomba kutozwa kodi ya kawaida ya mapato, mradi ana hesabu safi na risiti za mfumo wa kielektroniki wa eTIMS.

Malipo ya utafiti ni hesabu nyingine. Shirika likikulipa 24,000 au zaidi kwa mwezi, hukata kodi ya asilimia 5. Dai cheti cha makato hayo, uyahesabu kwenye ritani yako kabla ya Juni 30.