Jeraha Dogo Likifura: Tungoje au Twende Hospitali?

Somo hili ni la kusoma pamoja kikundini. Mmoja awasomee wenzake polepole, kisha mjadiliane maswali yaliyo mwisho.

Tuseme mama mmoja anakata majani ya ng'ombe. Panga linateleza, linamkata paja kidogo tu. Anafunga leso, anaendelea na kazi. Kesho yake paja limefura, lina joto na linauma. Jirani mmoja anasema, "Hiyo ni sumu, nenda ununue dawa dukani." Mwingine anasema, "Wacha tu, litapoa lenyewe." Je, nani amesema kweli?

Mafuta chini ya ngozi

Ukichinja kuku wa kienyeji unaona mafuta ya manjano chini ya ngozi. Binadamu naye ana tabaka kama hilo. Wengi hufikiri ni akiba tu, kama mahindi ghalani. Sivyo. Mafuta hayo yako hai. Ndani yake mna mishipa midogo ya damu na chembe za kulinda mwili, mfano wa walinzi wa usiku.

Panga au mwiba ukipita hapo, chembe za mafuta hupasuka na mafuta humwagika. Walinzi hupiga mbiu. Mishipa hupanuka, damu nyingi huja, na maji hutoka kwenye mishipa. Ndiyo maana pana joto, wekundu, uvimbe na maumivu. Dalili hizo nne ziliandikwa na Mroma aitwaye Celsus karibu miaka 2000 iliyopita.

Katika saa za kwanza hufika chembe nyeupe za damu zinazoua vijidudu. Baada ya siku moja au mbili huja kundi lingine, ambalo hula vijidudu vilivyokufa na mafuta yaliyomwagika. Wakimaliza kufagia, kidonda huanza kujengwa. Kwa hivyo kufura kwenyewe si ugonjwa. Ni mwili uko kazini.

Kufura kuzuri na kufura kubaya

Kufura kuzuri hukaa karibu na kidonda. Huzidi siku mbili au tatu za kwanza, kisha hupungua kila siku. Hapo jirani wa pili amesema kweli.

Kufura kubaya ni pale vijidudu vimewashinda walinzi na vinaenea ndani ya mafuta. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona:

- Uvimbe unazidi kupanuka, au maumivu yanazidi badala ya kupungua.
- Homa au kutetemeka.
- Usaha au harufu mbaya.
- Mstari unaopanda kutoka kwenye kidonda, au mtoki kinenani au kwapani.

Maumivu yakiwa makali kupita ukubwa wa kidonda, usingoje hata asubuhi.

Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Gusa kwa mgongo wa mkono usikie joto, kisha chora kwa kalamu mahali uvimbe unapoishia. Kesho utazame. Ukivuka mstari, safari.

La kufanya mara moja

1. Nawa mikono. Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu ikome.
2. Osha kwa maji safi mengi na sabuni.
3. Funika kwa kitambaa safi, na uinue mguu unapopumzika.
4. Uliza zahanati kuhusu sindano ya pepopunda, hasa kama jeraha ni chafu na miaka 5 imepita tangu uchanjwe.

Usipake mavi ya ng'ombe, udongo wala mafuta ya taa. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na mavi. Wala usimwage unga wa kapsuli kidondani.

Uvimbe mgumu

Pengine mtu hugongwa bila ngozi kukatika, na baada ya wiki kadhaa anapata gololi ngumu. Huenda ni mafuta yaliyokufa ndani. Hayo si saratani. Lakini mama akipata uvimbe kwenye titi, hata kama anakumbuka alipigwa teke na ng'ombe, aende apimwe. Kwa mkono peke yake huwezi kutofautisha.

Wenye sukari na wenye kitambi

Mwaka 2003 wachunguzi huko Marekani walionyesha kwamba mafuta ya watu wanene sana yana walinzi wengi kupita kiasi. Ni kama wanapiga mbiu kila siku bila mwizi. Hali hiyo husaidia kuleta ugonjwa wa sukari, na mwenye sukari hupona vidonda polepole. Pengine hata hasikii maumivu mguuni. Huyo asingoje siku tatu. Akague miguu kila jioni, na kidonda kidogo akipeleke kliniki mapema.

Maswali ya kujadiliana

1. Hapa kwetu watu hupaka nini kwenye kidonda? Kipi tuache?
2. Nani kati yetu ana sukari, na nani atamkumbusha kukagua miguu?
3. Mtu akihitaji kwenda hospitali usiku, kikundi chetu kitapata wapi nauli?