Dondoo muhimu: Safisha kumbukumbu kabla ya kuikabidhi

Mpangaji akihama chumba pale Kimara Mwisho, chumba hufagiliwa kabla mwingine hajapewa ufunguo. La sivyo mgeni ataokota risiti na barua zisizo zake. Kumbukumbu ya kompyuta ni vivyo hivyo. Kiini cha mfumo endeshi kikigawa nafasi bila kuifuta, nywila iliyobaki humo yaweza kufikia programu isiyohusika. Ukiandika msimbo wa kiini cha Linux:

• Nafasi itakayonakiliwa kwa mtumiaji iombe kwa kzalloc, si kmalloc. Kzalloc huijaza sifuri.

• Muundo ulio kwenye staki ufute wote kwa memset kabla ya copy_to_user. Kujaza sehemu moja moja hakutoshi: herufi ya baiti 1 ikifuatwa na namba ya baiti 4, kwa kawaida baiti 3 za katikati hubaki na mabaki ya zamani.

• Nakili baiti ulizojaza tu.

• Washa mashine kwa chaguo la kiini init_on_alloc=1, linalojaza sifuri nafasi inapogawiwa, lililopo tangu Linux 5.3 ya mwaka 2019.

• Pima kwa KMSAN, zana ya kunasa matumizi ya kumbukumbu isiyojazwa, iliyoingia Linux 6.1 mwaka 2022.

Taarifa za mtu ni amana, usiziache sakafuni.